Nukta Chini ya Fe

Upanga ulilazwa juu ya meza ya Inspekta Ohaj Karrar, umetandikiwa gazeti kuukuu, na nzi wa kituo cha Kassala walikuwa wameshapata habari zake. Sajenti Kafi Tiya aliwapungia kofia. Waliruka, wakazunguka, wakarudi palepale.

"Afande, tuufunge kwenye kitambaa tuupeleke stoo," alisema Kafi. "Mimi nimekulia milimani kwetu, nimeona ng'ombe wakichinjwa tangu sijajua kutembea. Lakini hiki chuma siwezi kukitazama."

"Fungua dirisha. Nataka mwanga."

Kafi alifungua, na mara wakawaona tena wale wanaume. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa kituo, nywele zimetimka, mapanga yananing'inia mabegani ndani ya ala nyekundu za ngozi. Hawakupiga kelele. Hawakuwa na la kuuliza. Walikuwa watu wa nyumba ya Onur Hadab, na Onur alikuwa kaburini.

Mzee huyo alikutwa nyumbani kwake, kwenye chumba cha wageni, upanga umemwingia chini ya ubavu na kutokea mgongoni. Aliyemkuta ni mkewe. Polisi waliitwa asubuhi, damu ikiwa imeshakauka kwenye mkeka. Muuaji hakuonekana na mtu, ila upanga wake aliuacha, na upanga ulisema. Kwenye ubapa, karibu na mpini, paliandikwa kwa herufi za Kiarabu: *Mwenyewe ni Adarob Faki.*

Adarob Faki mwenyewe alikufa zamani, lakini wajukuu zake walikuwa hai ng'ambo ya mto Gash, na visima vya huko vilikuwa mikononi mwao. Mwaka uliopita, ukame ulipokaza kamba, walimuua kisimani Hamad, mtoto wa kwanza wa Onur. Sasa baba naye kafuata, na upanga una jina la nyumba ileile. Hata mtoto wa madrasa angeijumlisha hesabu hiyo.

Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshikana ahadi: damu isimwagike mpaka matanga yaishe. Matanga yalikuwa yanaisha siku hiyo, alasiri.

Ohaj aliivaa miwani yake. Naye alikuwa Mhadendoa kama watu wa nyumba zile mbili, na tangu utotoni alikuwa ameona mapanga mengi ya namna hii. Chuma chake kilitoka ng'ambo ya bahari enzi za mababu. Kila upande wa ubapa palikuwa na michoro ya miezi miwili yenye nyuso za watu, na hakuna aliyejua maana yake. Wengine walisema ni kinga, wengine wakasema ni wahunzi wa Kizungu walioamua kucheza. Chini ya miezi palikuwa na aya ya Kurani, imechongwa kwa patasi na mkono wa zamani, imelika kwa kunolewa hata nusu ya maneno yameyeyuka. Halafu, juu yake, lile jina.

"Nipe sindano na pamba," alisema Ohaj.

Aliizungushia ncha ya sindano pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi, akaipitisha kwenye mfereji wa mwezi wa kwanza. Pamba ikatoka na wekundu wa kutu na damu. Akabadilisha pamba, akaipitisha kwenye aya. Ikatoka vilevile. Mara ya tatu akaipitisha kwenye jina la Adarob Faki, herufi kwa herufi, taratibu kama mtu anayesafisha sikio la mtoto.

Pamba ilitoka nyeupe.

Kafi aliinama. "Lakini waliufuta, afande. Yule Oshik, mdogo wa marehemu, alisema walipafuta hapo ili wasome."

"Ukifuta meza, Kafi, unafuta na nyufa zake?"

Kafi aliinama tena juu ya ubapa.

"Damu ingebaki ndani ya herufi," alisema Ohaj. "Kama ilivyobaki ndani ya miezi. Onur alipochomwa, jina hili halikuwapo." Aliusogeza ubapa kwenye mwanga. "Na halikuchongwa kwa patasi. Tazama kingo zake, zimetafunwa. Hii ni tindikali. Mtu alipaka nta, akaandika kwa kitu chenye ncha, akamimina tindikali, akasubiri chuma kiliwe." Kwa ukucha alikwangua kona ya herufi ya mwisho, akakinusa kijipande kilichotoka. "Nta ya nyuki."

"Basi muuaji aliua, akakaa kuandika, ndiyo akaenda zake?"

"Muuaji au mwingine. Mmoja wao alikuwa na usiku mzima, na hakuogopa kufumaniwa mle ndani." Alikunja uso. "Na kuna kitu kingine. Hii herufi, fe ya Faki. Nukta yake iko chini. Juu hakuna."

"Labda ni shimo la kutu."

"Labda," alisema Ohaj, lakini aliinakili ile herufi kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Walipotoka, Oshik alisimama. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mswaki mdomoni.

"Mwana wa Karrar, umeusoma?"

"Nimeusoma."

"Basi umemaliza kazi. Tuachie yetu."

"Ahadi haijaisha, mzee."

"Inaisha leo. Nawe ni wa kwetu, sheria unaijua: mwana wa marehemu ndiye anayetangulia." Oshik alimwonyesha kwa mswaki kijana aliyekaa peke yake mwisho wa ukuta, kichwa kimeinama. Alikuwa Okir, mtoto pekee aliyembakia Onur, dereva wa lori la mizigo. "Simba yule. Tangu msiba hajala, hajasema. Akivuka mto, sisi tuko nyuma yake."

Ohaj alimwendea. "Okir, pole kwa msiba."

"Tumeshapoa."

"Upanga huu uliwahi kuuona kabla?"

"Hapana."

"Baba yako alikuwa na mapanga mangapi ya zamani?"

"Sijui. Aliyaweka kwenye sanduku. Muulize mama." Alisema hivyo bila kuinua macho, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Au msimuulize. Muacheni apumzike."

*

Gash ulikuwa mchanga mtupu. Land Rover ilivuka katikati ya mto kama inapita barabarani, na ng'ambo wakapokewa na vijana wenye mapanga, safari hii ya nyumba ya Adarob Faki. Mzee wao, Betai, alikuwa amekaa mbele ya mikeka ya nyumba yake akisubiri kahawa ichemke. Alimkaribisha Ohaj kwa tangawizi na maneno machache.

"Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuuliza. Babu yako alikuwa na upanga wenye jina lake?"

Betai alicheka bila furaha. "Babu yangu alikuwa mwizi wa ngamia, Mungu amrehemu. Mwizi gani anaandika jina lake kwenye chuma? Upanga wake ule pale, umening'inia nyuma yangu. Usome mpaka uchoke."

Ohaj aliusoma. Haukuwa na neno.

"Mzee, mlikuwa na kisa na Onur."

"Tulikuwa nacho." Betai alimimina kahawa kwenye kikombe kidogo, akampa. "Nikikwambia neno, utalibeba vizuri? Onur alikuja hapa, wiki ile aliyokufa. Alikuja peke yake, juu ya punda, bila silaha. Akakaa ulipokaa wewe. Akanywa kahawa yangu."

Mkono wa Ohaj ulisimama njiani. Kwa watu wale, mtu aliyefiwa na mwana hanywi kahawa ya waliomuua, ila kwa sababu moja tu.

"Alisamehe?"

"Bila fidia. Alisema amechoka kuzika. Alisema Ijumaa atasimama msikitini atangaze. Mpwa wangu, aliyemuua Hamad, alilala miguuni pake akilia kama mjane." Betai alifuta midomo. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Mtu amekuja kuikata kamba shingoni mwa mtoto wangu, mimi nimchome upanga kabla hajaikata?"

"Nani mwingine aliyejua?"

"Huku, mimi na mpwa wangu. Kule kwake, alisema angewaambia watu wa nyumbani usiku ule."

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Nimwambie nani? Oshik? Angesema nimemuua halafu namsingizia maiti woga."

Gari lilipofika katikati ya mchanga, Kafi alisema, "Afande, sasa ng'ombe wamegeuka kundi zima. Aliyeua yuko ndani ya nyumba ya Onur."

"Na aliyeandika pia."

"Ni huyohuyo."

"Usimkaange kuku ambaye hujamshika." Ohaj alikuwa akikitazama kiganja chake. "Kafi, mtaa wa Wahausa, mbele ya soko, kuna madrasa. Umewahi kuona ubao wa kuandikia wa watoto wa pale?"

"Mimi Mkristo, afande."

"Wao wanaandika kama babu zao wa Afrika Magharibi. Fe wanaitia nukta chini."

Macho ya Kafi yaling'aa. "Kuna yule mwalimu wao, Malam Bukari, anayeandika hirizi! Ana wino, ana tindikali, ana kila uchafu. Tumfuate na pingu?"

"Tumfuate. Pingu ziache."

*

Malam Bukari alikuwa akifuta ubao kwa maji, na maji yale akiyakusanya kwenye bakuli kwa ajili ya mgonjwa. Alikuwa mzee mnene mwenye jicho moja zima. Ohaj alipomwonyesha herufi kiganjani, alilisogeza jicho lake karibu.

"Hiyo ni fe nzuri. Ni ya kwetu."

"Uliiandika wewe?" aliuliza Kafi.

"Kwenye kiganja cha bosi wako? Sijawahi kumshika mkono."

"Kwenye upanga, Malam! Usitufanyie mzaha, kuna watu wanakufa."

Mzee aliweka bakuli chini. "Mwanangu, mtaa mzima huu unaandika hivyo. Ukitaka kumfunga kila anayetia nukta chini, waambie serikali wajenge jela kutoka hapa mpaka mlimani."

"Hatutaki mtaa mzima," alisema Ohaj. "Tunamtaka mtu anayeandika hivi, anayejua kuandika juu ya chuma kwa nta na tindikali, na anayekaa nyumbani kwa Onur Hadab."

Malam Bukari alimwinulia jicho lake zima. Ohaj aliona uso wake ukibadilika, si kwa hofu. Ulikuwa uso wa mtu aliyekanyaga kaburi bila kukusudia.

"Mwenye kuandika chuma hivyo alikuwa mmoja tu hapa," alisema hatimaye. "Garba, fundi visu. Alipamba visu vya mahujaji. Amekwisha kufa."

"Alimfundisha nani?"

"Inspekta, mimi nafundisha wavulana. Wasichana alikuwa akiwafundisha marehemu mke wangu."

"Sikuuliza hilo, Malam."

"Ndilo uliloliuliza." Mzee alishusha pumzi. "Garba hakuwa na mtoto wa kiume. Asabe, binti yake, ndiye aliyekuwa akimshikia nta. Mke wangu alikuwa akisema hajapata kuona mkono mzuri kama wa Asabe."

"Yuko wapi huyo Asabe?"

Malam alimtazama kwa mshangao. "Kumbe hata jina lake hamlijui? Aliolewa na Onur. Watu walisema sana wakati ule, Mhadendoa kuoa binti wa mhunzi wetu. Nyinyi mnamwita Mama Hamad."

Ohaj alisimama pale na jua likimchoma kisogoni. Alikumbuka siku ya kwanza ya msiba. Mjane hakutoka mbele yao. Aliupitisha upanga nyuma ya pazia, umefungwa kwenye kitambaa. Mkono wake mmoja tu ulionekana, umepakwa hina nyeusi mpaka kwenye vifundo, na hina ilikuwa mbichi, bado ina harufu. Yeye, Ohaj Karrar, aliupokea upanga, akashukuru, akaenda zake. Mwanamke aliyeingia eda jana, anapaka hina ya nini?

"Washa gari," alimwambia Kafi.

*

Ua wa nyumba ya Onur ulikuwa umejaa wanawake, lakini nje kwa wanaume mikeka ilikuwa mitupu. Ohaj hakuipenda hali ile. Alimtuma Kafi akaulize wameelekea wapi, naye akapiga hodi kwenye chumba cha mjane. Shangazi mmoja alitoka akisonya, akakaa mlangoni.

"Mama Hamad," alisema Ohaj mbele ya pazia. "Ni Ohaj wa polisi. Nina neno moja."

"Sema, mwanangu."

"Nionyeshe mikono yako."

Pazia lilitikisika. Kisha mikono ilitoka, yote miwili, viganja juu. Hina ilikuwa imeanza kubanduka, na ilipobanduka ngozi chini yake ilikuwa nyekundu, imechubuka, malengelenge yamepasuka kwenye ncha za vidole.

"Maji ya betri," alisema Ohaj. "Ya lori la Okir."

"Baba yangu alikuwa na glavu za ngozi," alisema mwanamke. "Mimi sikuwa nazo."

Alilisogeza pazia mwenyewe. Alikuwa mwembamba, amevaa nyeupe ya eda, macho makavu kabisa. Shangazi alitaka kusema neno. Akamkataza kwa kichwa.

"Nieleze, Asabe."

Alishtuka kusikia jina lake. Labda ndilo lililomfungua.

"Onur alirudi kutoka kwa Betai, akamwita Okir, akamwambia amesamehe. Okir alimwambia, damu ya kaka yangu si yako peke yako kuigawa. Wakapandishiana sauti. Mimi nilikuwa jikoni. Okir alifungua sanduku, akachukua upanga wa kwanza uliomjia mkononi, akasema anakwenda kwa Betai usiku uleule. Onur akasimama mlangoni." Alikunja mikono yake iliyoungua kifuani. "Nilisikia sauti zikinyamaza. Nilipoingia, baba yuko chini, na mtoto ameshika kichwa anasema, amenijia mwenyewe, mama, amenijia mwenyewe. Sikujua nani alimsukuma nani. Mpaka sasa sijui."

"Ukamtuma Okir aondoke."

"Nilimwambia akalale kwenye lori, asitie neno kinywani. Nilikuwa nimeshazika mmoja, Inspekta. Wa pili mngemnyonga nyinyi. Nikaufunga mlango, nikatafuta nta."

"Kwa nini jina lile? Ulijua watu watachinjana."

"Nilijua wazee wataweka ahadi. Nilijua Betai atakana, na maneno yatakwenda mwaka, na miaka, kama yanavyokwenda siku zote. Niliona ni bora kesi isiyokwisha kuliko kitanzi." Alimtazama Ohaj usoni. "Hizi sheria za huku nilizikuta. Sikuzaliwa nazo. Sikukumbuka kwamba wakishasoma jina, atakayetakiwa kutangulia ni yeye."

"Okir yuko wapi sasa?"

Asabe alitazama uani. Kafi alikuwa amerudi, amesimama uani, kofia mkononi. Nyuma yake lori liliingia polepole likirudi kinyumenyume, na wanawake walianza kupiga ukemi kabla halijasimama.

Okir alikuwa nyuma ya lori, amelazwa juu ya magunia matupu. Oshik aliruka chini, shati lake limelowa damu isiyokuwa yake.

"Alikataa tumfuate!" alisema, akipaza sauti ili wote wasikie. "Ahadi ilipokwisha tu alishuka mtoni peke yake, sisi tumesimama ukingoni. Vijana wa Betai walimpigia kelele arudi, hakurudi. Akawaendea moja kwa moja. Nimewahi kuona wanaume, lakini kama huyu, sijapata!"

Ohaj alipanda kwenye lori. Kijana alikuwa amekatwa begani na shingoni. Upanga wake ulikuwa ungali begani, ndani ya ala. Mpini ulikuwa umefungwa na mkanda wa ngozi, mafundo mawili, namna mtu anavyofunga anapokwenda safari asiyotarajia kuuchomoa. Ohaj aliligusa fundo. Lilikuwa limekaza, kavu, halijalegezwa.

Aliposhuka, Asabe alikuwa amesimama uani mbele ya wanaume wote, bila pazia. Alikuwa ameliona fundo lile.

Oshik alikuwa ameshaanza. "Jua halizami kabla hatujavuka! Wote! Nyumba ile isibaki na—"

"Oshik."

Wanaume waligeuka. Hakuna aliyewahi kumsikia Asabe akimwita shemeji yake hivyo, kwa jina kavu.

Ohaj alimsogelea mjane. "Si lazima useme wewe," alimnong'oneza. "Nitasema mimi."

"Wewe watasema umehongwa." Alipiga hatua mbele. Alinyoosha mikono ili waione. "Jina la kwenye upanga niliandika mimi, kwa mkono huu, Onur akiwa ameshakufa. Betai hana habari. Aliyemuua Onur ni huyu mliyemleta."

Kelele zilizuka. Mtu mmoja alimwita mwongo, mwingine akamwita mgeni, binti wa mhunzi, na neno lingine baya zaidi. Aliwaacha wamalize. Oshik alikuwa amebaki mdomo wazi, macho yake yanatoka kwenye mikono ile kwenda kwenye lori na kurudi.

"Anatafuta kuwaokoa watu wa Betai," alisema Oshik, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Nenda kaangalie upanga wake ulivyofungwa. Mtu anayekwenda kupigana hufunga vile?" alisema Asabe.

Oshik hakwenda. Wengine walikwenda. Waliinama kwenye lori mmoja baada ya mwingine, na kila aliyerudi alirudi kimya.

"Hata kama," alisema Oshik hatimaye, kwa ukali wa mtu anayetaka kulia. "Hata kama ni kweli. Leo Okir ameuawa, na waliomuua wako ng'ambo ile. Hii damu nayo ni ya nani?"

"Damu ya Okir ni yangu," alisema Asabe. "Baba hana, kaka hana, mke hakuoa. Ni yangu peke yangu kuidai." Alilitazama lori. "Siidai."

Oshik aligeuka kando. Wanaume wawili walipanda wakaanza kumteremsha maiti. Asabe alisubiri mpaka walipompitisha mbele yake, akaufunika uso wa mtoto kwa ncha ya shuka, kisha akatembea kuelekea lango, watu wakimpisha. Sajenti Kafi alimfungulia mlango wa Land Rover. Alipanda bila kushikwa, akakaa, akaiweka mikono yake mapajani, viganja juu, kwa sababu vilikuwa vikimuuma.